Hazina ya Shamba la Jirani

Leo jirani yangu anachemsha michembe, na harufu ya viazi vikavu imenirudisha kwenye shamba la mama mjane tuliyepakana naye.

Tulikuwa tukimsaidia kulima. Jembe la baba likagonga jiwe jeupe. Akalitemea mate, akalifuta, akaliinua juani: ndani yake mlimeta dhahabu. Kisha akalifukia palepale na kukanyaga kwa kisigino.

Jumapili iliyotangulia mwalimu wa dini alitusimulia mfano wa Yesu, wa mtu aliyekuta hazina shambani, akaificha, akauza vyote alivyokuwa navyo, akalinunua shamba lile.

“Baba, kama yule wa Injili!”

“Kama yuleyule,” alijibu bila kunitazama. “Sasa nyamaza.”

Ng'ombe wetu wote wakahamia kwa mjane, shamba likawa letu. Jioni hiyo mjane alikuja kwetu na bakuli la michembe ya moto.

“Baba yako ana huruma, mwanangu. Nani mwingine angenipa ng'ombe wote wale kwa udongo uliochoka?”

Baba alikula. Nami nikala.

Nimeusoma mfano ule mara nyingi tangu hapo. Bado natafuta mahali panaposema mwenye shamba aliambiwa nini.