Huyu Si Kibet

Nakumbuka siku ile kule Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, mwanangu, nikiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, nikijiona fundi ambaye hakuna mwingine. Umeniambia watu wanakutukana kwenye simu kwa sababu ya picha uliyochora, na sasa unataka kuacha kuchora. Haya, kaa nikwambie, ingawa habari hii hunichosha kila nikiigusa.

Mama Kibet alikuwa na duka la mahindi na maharagwe. Mwanawe Kibet, mkimbiaji, alikuwa amekufa kwa ajali ya barabarani. Mama akaniomba nimchore kwenye ukuta wa duka akikimbia, ili kila anayepita amwone. Nilichora siku tatu. Sura ilitokea vizuri, hata mimi nilijisifu. Mama akatoka nje, akaangalia.

"Huyu si Kibet," akasema polepole. "Kibet hakimbii hivi."

Ai! Nilikasirika. "Mama, wewe uza mahindi. Mambo ya kuchora niachie mimi."

Alirudi tu ndani. Nami nikaenda zangu, nikimwambia kila mtu ati yule mama hajui sanaa.

Wiki iliyofuata nilikuta vijana wa mazoezi ya mbio wamesimama pale wakicheka. Mmoja aliiga mchoro wangu: mkono wa kulia mbele, mguu wa kulia mbele, vyote pamoja, karibu aanguke. Na hapa kwetu Eldoret, hata mtoto wa nasari anajua mtu hakimbii hivyo! Niliona aibu, lakini nilikuwa na kichwa kigumu. Sikurekebisha. Nilingoja watu wazoee.

Niliporudi baadaye na rangi ili hatimaye nirekebishe, ukuta ulikuwa mweupe. Mama Kibet alikuwa ameupaka chokaa mwenyewe.

"Walikuwa wanamcheka mtoto wangu," akaniambia. Nikamsihi anipe nafasi nyingine. "Hapana, kijana. Nimeshamzika mara mbili."

Mwanangu, wengi watakaokusema hawana lolote, na watakuchosha. Mimi wamenichosha kabisa. Hao usiwajibu. Lakini kabla hujamkasirikia mtu, rudi kwanza uiangalie kazi yako. Na anayekukosoa kwa upole, muulize ameona nini. Mimi sikumuuliza Mama Kibet, na alikufa bila picha ya mtoto wake.

Nenda ukachore. Mungu aulinde mkono wako, na akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi.