Mfupa wa Evaline na Fimbo ya Herieth

Sylvanus anatengeneza fimbo za pool pale kibarazani kwenye baa ya Flavia, mtaani Rau, na ukitaka asubuhi yako yote ipotee muulize swali moja tu: kile kipete cheupe kinachovishwa ncha ya fimbo, chini ya kingozi cha kugongea, kifanywe kwa kitu gani. Ataweka chini tupa. Ataweka chini na chai. Mimi nilimuuliza mwaka juzi na sidhani kama amemaliza kunijibu.

Kwa kifupi, kitu ambacho yeye hana, ni hivi. Kipete kinazuia mti wa fimbo usipasuke. Cha shaba hakichakai, ila ni kizito. Fimbo inakuwa na kichwa kama nyundo, na mpira ukiupiga ubavuni unakwenda unakotaka wenyewe. Cha bomba la maji ni chepesi na malighafi unaiokota mtaroni, lakini plastiki ni laini, ikigongwa sana inatanuka na kingozi kinabanduka. Kisha anakuja kwenye mfupa, na hapo sauti inashuka kama mtu anayetaja jina la mchumba. Mfupa ni mgumu, ni mwepesi, na mpira unausikia mpaka kwenye kiwiko.

Tatizo la mfupa ni sisi wenyewe. Huku kwetu mfupa hauruhusiwi kuondoka duniani kabla haujatoa supu. Ukienda buchani, mguu umeshapasuliwa kwa shoka. Ukienda kwa muuza makongoro, umeshababuliwa motoni. Wa nyumbani ndiyo kabisa, umeshinda sufuriani tangu alfajiri. Na mfupa uliochemka ukikauka unakuwa kama chaki. Sylvanus alilijua hilo, lakini alichoka kusubiri mfupa mbichi, akamfungia Herieth kipete cha mfupa wa supu.

Herieth anauza mitumba, na mezani hana huruma. Kwenye nusu fainali ya mashindano ya mitaa alibakiwa na mpira mweusi. Akapiga. Mpira ukaingia, kipete kikapasuka, kingozi kikatua kwenye glasi ya Jovin, ambaye kazi yake rasmi ni bodaboda na kazi yake halisi ni mdomo.

"Fundi," alisema Jovin akichungulia bia yake, "hiki ni kingozi au ni utumbo? Maana naona supu sasa imekamilika."

Tangu siku hiyo Sylvanus akawa Fundi Supu. Mtu aliyefunga fimbo za nusu ya mji huu, jina lake likaishia hapo. Waliokuwa wanamwachia fimbo zao wakaanza kuzipitisha mbele yake kuelekea kwa kijana mmoja fundi wa stendi.

Herieth peke yake ndiye ambaye hakucheka. "Mzee wangu, fainali ni Jumamosi ijayo. Kama huwezi niambie mapema, sitakulaumu."

"Naweza," alisema Sylvanus. "Nitakuletea mfupa mbichi."

Alikuwa na hesabu zake. Binti yake Evaline alikuwa amejifungua, yuko Mwika kwa bibi yake, na Jumatatu ukoo ulikuwa unachinja dume la ng'ombe lililonenepeshwa zizini. Dume zima, halijaguswa na moto wala shoka. Akatia msumeno kwenye mfuko, akapanda mlimani.

Kwao miguu ya mbele ya mnyama ni ya mzazi aliyejifungua, ichemshwe kwa mtori wa ndizi mpaka arudishe nguvu. Sylvanus hakuisahau desturi hiyo. Alidhani tu kwamba akiwahi, hakuna atakayeona.

Akamkuta mama yake, Bibi Anyesi, anamenya ndizi uani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeshaingia ndani?"

"Naingia sasa hivi."

Hakuingia. Alipita moja kwa moja hadi migombani wanaume wa ukoo walikokuwa wanachuna dume, akachuchumaa, akashika mguu wa mbele na kuanza kuupima kwa uzi. Ukuta wa mfupa ulikuwa mnene, mweupe wa maziwa. Alikuwa anatabasamu nao peke yake aliposikia sauti nyuma.

"Shikamoo, baba."

Evaline alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma na kanga mbili, mtoto kifuani.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo nilikuwa nakuja huko."

"Na msumeno?"

Wachunaji wakajifanya wana kazi nyingi. Evaline hakupandisha sauti. "Wiki zote hizi nimekuwa nikiuliza baba anakuja lini. Kumbe hukuja kumwona mtoto, baba. Umekuja kuuona mfupa."

Bibi Anyesi akaongezea akiwa na kisu chake: "Kwa hiyo mjukuu wangu anywe ndizi na maji, ili watu wa Rau wagonge vipira?"

Sylvanus hoja alikuwa nayo. Kipete kimoja hakizidi pingili ya kidole gumba; sufuria isingejua. Aliianza hata. "Ninachotaka ni kakipande..." Akamwona binti yake alivyoegemea mlango, miguu imevimba, akainuka.

Akanawa mikono. Akampokea mtoto, akakaa naye mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha akautwaa msumeno, akaukata mguu ule vipande vya kuingia sufuriani, taratibu, uboho usimwagike. Jioni akampigia Herieth.

"Mfupa sina."

"Umeukosa?"

"Nimeupata. Ni wa mzazi. Evaline amejifungua."

"Na hukutuambia? Mzee wangu, wewe una matatizo. Sasa fimbo?"

"Nikufungie plastiki, lile bomba nene la presha. Litatanuka, lakini si Jumamosi hii."

"Nifungie. Mtoto anaitwa nani?"

"Subiri," alisema Sylvanus, akaingia ndani kuuliza.

Alikaa hadi Ijumaa. Asubuhi ya kushuka, Evaline alimpa kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba: ule mfupa, ameutoa sufuriani, ameusugua kwa majivu, ameuanika juu ya jiko. Ulikuwa mweupe na mkavu kama chaki, umekwisha kabisa.

"Nilikuwekea, baba. Wa fimbo."

Sylvanus aliugeuza kwenye mwanga. Mtu anayeweza kukusimanga siku nzima kwa kuita plastiki mfupa akasema, "Huu ndio wenyewe, mwanangu."

Jumamosi Herieth alifungwa na kijana wa mtaa wa Mawenzi. Jovin alishavuta pumzi ya kuanza, Herieth akamkata: "Usihangaike. Fimbo haina kosa, ule mpira wa kona nimeukosa mwenyewe." Jumatatu yake akamletea Sylvanus fimbo nyingine, ya dada yake.

Jina la Fundi Supu halijafa, na sisi ndio tunaolinyonyesha. Mfupa wa Evaline uko kwenye fimbo ya Sylvanus mwenyewe. Anachezea nayo mipira ya karibu tu, ile ya kusukumwa. Juzi Jovin aliichukua ukutani afungulie mchezo, mzee akaiondoa mkononi mwake, akaifuta ncha kwa shati.

"Chukua ya shaba," alisema. "Ile hata ukiivunja sitakuuliza."