Kiti cha Shabani

Usiku ule nililala na hasira. Mjukuu wangu Pili, mwimbaji, alikuwa amekuja kwangu Morogoro kupumzisha koo, maana daktari alimwambia anyamaze, la sivyo sauti ikienda hairudi. Hata hajapona, anafunga begi. Asubuhi gari linakuja kumchukua akaimbe ule wimbo wake ambao watu hawamwachi ashuke jukwaani mpaka aurudie. Nilimsema sana. Akanijibu kwa kile kisauti chake cha kukwaruza, "Nikinyamaza watanisahau, Bibi." Nikazima taa.

Mimi si mtu wa ndoto. Nikiota, ujue nimekula vibaya. Lakini nikajiona niko kwenye ukumbi wa dansi, ule uliovunjwa zamani, nami nimevaa kanga ya kulalia. Jukwaani yupo Shabani, mdogo wangu, marehemu, anapiga gitaa. Anapiga wimbo uleule uliompa jina, aliokuwa akiupiga tangu ujana mpaka siku alipoanguka nao jukwaani, tukamzika.

Watu wamejaa, wanacheza. Naitazama miguu yao. Vumbi linatimka lakini vishindo havisikiki. Kila anayenipita ananong'ona, "Rudia," na mdomo wake haufunguki.

Nikasogea. Vidole vya Shabani vimelika, nyuzi zinakwaruza mfupa. Nikamwuliza kwa nini hakai, maana nyuma yake kuna kiti, kile cha mbao cha nyumbani kwa mama. Akacheka bila kugeuka, akasema kumbe bado mimi ni mkali vilevile, hata wafu nawaamrisha. Kisha akasema hawezi kukaa. Akikaa, wimbo utakufa, na wimbo ukifa na yeye ndiyo basi.

"Shabani," nikamwambia, "wewe ulishakufa. Kaa."

Ukumbi wote ukanigeukia. Sasa tuko uani kwa mama, jua kali, na wale wachezaji wamejipanga ukutani wananitazama. Shabani anageuka taratibu. Anakitazama kiti kana kwamba hakuwahi kukiona. Analaza gitaa chini. Anakaa.

Na wimbo unaendelea.

Gitaa liko mavumbini, hakuna anayeligusa, nyuzi zinatetemeka zenyewe. Shabani anasikiliza, kichwa kakiinamisha, kama mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza.

"Nilidhani ni mimi niliyeubeba, dada," akasema. "Mwambie mtoto."

Nikaamka. Kanga imelowa jasho, na muziki bado nausikia. Nikakaa kitandani nikisubiri unyamaze. Haukunyamaza.

Nikatoka. Kumekucha. Pili yuko mlangoni, begi begani, shingo kaifunga mtandio. Gari limefika, dereva kafungulia redio, na anayeimba redioni ni Pili mwenyewe, sauti nzima, safi, ya kabla hajaumwa. Jirani anaosha vyombo huku akiimba naye.

Nikavuta kile kiti cha mama, ninacho mpaka leo, nikakiweka nyuma yake. Kilikuwa na joto, kama mtu ametoka kukikalia sasa hivi. Nikamweleza Pili niliyoyaona na alichonituma babu yake Shabani, bila kupunguza. Akafungua mdomo anijibu. Hakikutoka kitu, hata ule mkwaruzo.

"Sikiliza," nikamwambia. "Wewe umenyamaza. Na yule wa redioni je?"

Tukausikiliza wimbo mpaka ukaisha. Dereva akapiga honi.

Pili akakaa.