Machungwa ya Dirishani

Mwezi uliopita basi letu lilisimama Korogwe, na mimi ninayejua vizuri mambo ya pale nikatoa mkono dirishani nikanunua machungwa. Tulipoondoka nikafungua mfuko wa wavu. Ya nje yalikuwa yanang'aa. La katikati lilikuwa limeoza, kidole kikazama. Abiria wa pembeni akacheka. "Pole, dada, wamekupata." Nikwambie ukweli, msomaji wangu, sikukasirika. Niliona wivu, ule wa zamani, ukanikaa kifuani mpaka Mombo.

Nililelewa na bibi, kijijini upande wa Handeni, kwenye nyumba iliyozungukwa na michungwa. Msimu ukifika kila kitu kilinuka maganda: kanga za bibi, maji ya mtungi, hata ugali. Tulichuma asubuhi kabla umande haujakauka, kwa ufito mrefu wenye kifuko kwenye ncha, maana bibi alisema chungwa lililoanguka halisemi leo, litasema kesho. Mimi niliyafuta kwa kitambaa moja moja na kuyapanga kwa ukubwa. Hakuna aliyenituma. Nimekuwa hivyo tangu utotoni, kitu kikikaa upande sipati raha.

Siku ya gulio niliandamana na bibi. Kabla mteja hajauliza bei, alimpasulia chungwa aonje. Lenye doa aliligeuza ili doa limtazame mnunuzi. "Hili ndege kalionja kabla yako," alisema, "lichukue liwe nyongeza." Watu walicheka, wakaulizana habari za wagonjwa na za mvua, wakakaa hata waliokwisha kununua.

Lakini machungwa mengi, yaliyotuletea sukari na sare za shule, hayakuuzwa gulioni. Yalikwenda Korogwe kwenye mabasi, na aliyeaminiwa kuyapeleka hakuwa mimi. Alikuwa binti wa jirani, rika langu. Alidandia gari la mizigo alfajiri, akarudi jioni na tenga tupu, na bibi akamwekea kipande kikubwa cha samaki. "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia," aliwaambia wageni, mimi mjukuu wa damu nimekaa palepale. Nilitamani kuitwa hivyo kuliko nilivyotamani kitu kingine chochote.

Nikamsumbua bibi mpaka akaniruhusu kwenda na tenga langu. Stendi ilikuwa honi, vumbi na moshi wa dizeli. Binti wa jirani alijaza mifuko myeusi upesi: mabovu chini, mazuri juu, fundo. Basi likisimama alikuwa tayari dirishani, anamwita kila mwanamke shangazi. Mimi nilikuwa bado nachagua. Nilipofika, basi lilikuwa linaondoka. Likaja jingine, ikawa vilevile.

"Mwenzangu," akaniambia, "hayo machungwa unayauza au unayachumbia?"

Stendi nzima ikacheka.

Nilirudi na tenga langu limejaa. Kabla hata sijanawa miguu, nikamshtaki. Nilijua sasa nimempata.

"Bibi, mwenzangu anaficha mabovu chini."

Bibi aliendelea kuchambua mchicha. "Najua."

"Mbona wewe gulioni hufanyi hivyo?"

"Gulioni ndiko waliko watakaonizika, mjukuu wangu. Wale wa basi siwajui, nao hawanijui. Hata dereva hatupi nafasi ya kujuana."

Kesho yake machungwa yakaenda na binti wa jirani, kama kawaida.

Ningeweza kumdharau, ningepona. Lakini gulioni binti yuleyule alipasua chungwa, aligeuza doa, aliwaongezea wajane bila kuombwa, na wala hakuwa anaigiza. Kila soko lilimfundisha adabu yake, naye alizivaa na kuzivua kama kandambili mlangoni. Mimi nilikuwa na adabu moja tu, na ilinichelewesha kila mahali.

Siku hizi naishi Masuguru, nashona. Nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua nguo kuukuu na kutazama video kwenye simu. Wateja wengi sijawahi kuwaona. Wananitumia vipimo, nami napeleka mzigo kwa basi. Pindo lisiponyooka nalifumua, hata la ndani asiloliona mtu. Zamani nilidhani huo ni uaminifu. Sasa nadhani ni woga tu, umevaa vizuri.

Gulio lile halipo tena. Wanunuzi huja na malori, wananunua mti mzima ungali na maua, na vibarua wao ndio wanaochuma. Hakuna anayepasua chungwa, maana ampasulie nani? Bibi naye tulishamzika.

Sikukuu iliyopita nilikwenda kijijini. Binti wa jirani alikuwa njiani na mtoto mgongoni, na kila mlango aliopita ulimwita. Mama mmoja mzee akanisimamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe wa nani vile?"

"Mjukuu wa bibi wa machungwa."

Akanitazama sana. "Yule nilimjua, tumekula kwake. Lakini mjukuu wake si huyo hapo?" Akamnyooshea kidole binti wa jirani.

Nilifungua mdomo nimsahihishe, mimi ambaye husahihisha kila kitu. Nikaufunga.