Ulimi wa Yaya na Dawa ya Majani

Nina hasira na yaya wangu na sitaki kuificha. Yaya ni kaka yangu mkubwa, tumbo moja. Ana duka hapa Kasongo, na kinachotoka zaidi dukani humo ni dawa ya kuua majani. Inamfikia kwenye mapipa, naye anaimimina kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, bila karatasi wala jina. Ukimwuliza ni dawa gani, anakujibu kwamba ni ile kali.

Namna yake ya kuipima aliitoa Salamabila, alikokaa miaka akinunua dhahabu. Kule mnunuzi haamini maneno ya mtu. Anaamini jicho lake na jino lake. Aliporudi nyumbani akaigeuzia dawa ujanja uleule. Anafungua pipa, ananusa, anachovya kidole, anakigusisha ulimini, anatema chini. "Hii iko muzuri," anasema. Au: "Hii walitia maji," na hapo anaongeza ile kali kutoka pipa jingine. Wateja wanamwamini kuliko maandishi ya kiwandani, wanasema ulimi wake ni mzani. Nami nilikuwa nacheka nao, mjinga mimi.

Tena mikono yangu si safi. Shamba langu la mpunga liko njia ya Lusangi. Zamani tulipalilia kwa likilimba: leo kwangu, kesho kutwa kwako, wanawake kumi na wawili kwenye mstari mmoja na midomo haifungwi. Mimi ndiye niliyetoka wa kwanza. Nilisingizia mgongo, kweli ni kwamba nilichoka kupikia watu kumi na wawili. Yaya akanipa chupa na pampu ya kubeba mgongoni, nikamaliza shamba peke yangu kabla ya adhuhuri. Msimu uliofuata likilimba ikafa, na mimi nikajiona mwerevu.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, hata akiwa ameuweka tu pajani. Kwanza alisema ni malaria. Halafu ni uchovu. Halafu kosa likawa la mkewe, eti anampikia chai nzito mno.

Mtaani kwetu yaya ndiye mchinjaji wa Idi tangu baba afariki, na kazi hiyo anajivunia kuliko duka. Kisu anakinolea mbali ili mnyama asikione, halafu mara moja tu, kimekwisha. Idi iliyopita alimlaza mbuzi, akataja jina la Mungu, na kisu kikacheza shingoni. Mbuzi akalia. Akakirudisha, kikacheza tena. Jirani akamshika mkono taratibu, akakichukua kisu, akamaliza yeye. Yaya akaingia ndani, akaketi na kanzu yake mpya mpaka alasiri, na nilimwonea huruma hata nikasahau hasira.

Nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi, mtu wa kutoka Wamaza asiye na papara, alimtembeza, akamwambia agusanishe vidole, akamwuliza kazi yake. Akamwuliza pia kama bado anasikia harufu kama zamani, swali nililoliona la kipuuzi. Yaya akajibu kwamba pua yake ni nzima. Nami nikasimulia habari ya ulimi, maana nilijua mwenyewe hataisema.

"Baba," muuguzi akasema, "kuko dawa za majani zenye waganga wa hospitali wanashuku zinaharibu ubongo, pale penye kuongoza mikono. Kama ni hii yako, siwezi kujua. Hata jina haina. Lakini kuionja kwa ulimi, acha leo."

Yaya akacheka. "Ile inaua majani. Miye niko majani?"

Akatangulia kutoka.

Wiki iliyofuata nilikwenda dukani asubuhi kumwambia kwamba sipulizi tena, na kwamba yeye afunge mapipa yake. Mteja mmoja alikuwa ameshuka kwenye pikipiki kutoka Kabambare. Yaya akafungua pipa jipya. Mimi nilikuwa mlangoni tu, nikajiziba pua kwa kitenge. Mteja akarudi nyuma akikohoa. Yaya akainamisha uso mdomoni mwa pipa, akavuta pumzi ndefu.

"Haina kitu," akasema. "Walitia maji." Akachovya kidole.

Nikamdaka mkono kabla haujafika ulimini. Ulikuwa unatetemeka ndani ya kiganja changu.

"Yaya, hii inanuka mpaka barabarani."

"Uongo."

Akamtazama mteja. Mteja akaitikia kwa kichwa: ni kweli.

Hapo nikalielewa swali la muuguzi, nikakumbuka kila pipa alilolinusa mbele yangu, akasema lina maji, akaliongezea ile kali. Chupa zangu mimi zilitoka humo, na za Lusangi yote.

Alijaribu kufunga kifuniko. Hakikushika mpaka mara ya tatu. Kisha akaninong'oneza: "Dada, usiambie mutu. Watasema nini juu ya ile dawa nilishawauzisha?"

Ubongo wake hakuutaja.

Kesho yake akafungua duka kama kawaida. Siku hizi, kabla ya kuuza, anampa mteja pipa anuse kwa niaba yake. Kisha anachovya kidole.

Yaya, nimewaambia watu.