Mtaalamu wa Bunduki wa Genkuru

Ouko alikuwa fundi viatu, na kama angekubali kubaki fundi viatu asingepata tabu hata kidogo. Miaka ile ya mwanzo ya tisini, dhahabu ilipowatia watu wazimu kule machimbo ya Genkuru, mabuti ya wachimbaji yalipasuka kila siku na kazi ilikuwa tele. Lakini Ouko alikuwa na mdomo. Aliwahi kufanya kazi miezi minne katika kambi ya wawindaji wa kizungu, upande wa Serengeti, na akianza hadithi hiyo humzimi. Wateja walijua kwamba alimbebea mzungu bunduki, tena alimshauri, na kwamba nyati wawili watatu walianguka kwa ushauri wake. Ukweli ni kwamba alikuwa hajawahi kushika bunduki maishani mwake.

Aliyelishwa hadithi hizo kuliko wote ni Abonyo, mama yake Vivian, mjane aliyeuza chai na chapati kibanda cha pili. Ouko alitaka kumwoa. Alikwisha kumweleza, na Abonyo akajibu kwamba anafikiria. Ouko aliamini kinachomfanya mama wa watu afikirie, badala ya kukataa papo hapo, ni wale nyati, maana yeye mwenyewe alikuwa mfupi, ana kitambi, na suruali yake moja ya heshima ilikuwa na kiraka.

Siku moja akaja Mogesi, mchimbaji aliyebahatika. Alikuwa amepata mwamba wenye mali, amejenga nyumba ya bati, na sasa alikuwa na kibali cha kuwinda nyati mmoja ili pembe azitundike juu ya mlango. Karatasi zote zilikuwa tayari, bunduki yenyewe ndiyo bado.

"Mura, ndugu yangu, wewe ndiye mtaalamu," alisema. "Nichagulie kaliba, ukubwa wa risasi unaofaa."

Akamwaga mezani risasi tatu za mfano, zisizo na baruti, alizopewa na Benedicto, muuza silaha mwenye leseni kutoka Musoma. Abonyo aliacha chapati iungue, akaja kusikiliza.

Ouko aliziangalia. Zilikuwa risasi, zaidi ya hapo hakujua kitu. Jasho likamtoka mgongoni. Ndipo akakumbuka kwamba Mogesi, kama wachimbaji wenzake, haamini jambo mpaka mizani iseme.

"Leteni mizani ya dhahabu," akaagiza kwa sauti nzito.

Wakazipima moja moja. Ile iliyoandikwa thelathini-sufuri-sita haikuisumbua sana mizani. Tatu-sabini-na-tano iliivuta zaidi. Nne-hamsini-na-nane ilishuka mpaka sahani ikagonga meza, na watu waliojazana wakashangilia utadhani imepimwa dhahabu yao.

"Hiyo," akasema Ouko. "Nyati ni mzito, naye apewe kizito."

Abonyo akamwongezea chai bila kuombwa.

Jumamosi walipanda pikapu kwenda Mugumu, kwa sababu Benedicto hakukubali kuuza bunduki kabla mnunuzi hajaijaribu, na huko kulikuwa na shimo la zamani la kokoto nje ya mji. Abonyo alivaa gauni la kanisani. Benedicto aliposimuliwa jinsi kaliba ilivyochaguliwa, alimtazama Ouko, akasema, "Haya, tujaribu."

Mogesi alilenga ubao, akavuta. Kofia ilikwenda kwake, kiatu kwake, na Mogesi mwenyewe akakaa chini, miguu mbele, kama mtoto anayesubiri uji. Ubao ulikuwa mzima kabisa.

"Nadhani nimeishika vibaya," alisema alipopata sauti. Akamnyooshea Ouko bunduki. "Mtaalamu, nionyeshe."

Ouko aliipokea. Akamtazama Abonyo, aliyekwisha kuziba masikio, akitabasamu na kumsubiri. Kisha akamwona Mogesi akilini, mbele ya nyati wa kweli, na bunduki hiyo hiyo mkononi. Hofu ikamkamata.

"Sijawahi kupiga bunduki," alisema. "Wala kubeba. Kule kambini nilikuwa mchimba choo. Kila walipohama, nilichimba kingine."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Benedicto akaichukua bunduki taratibu.

"Afadhali umesema. Bwana Mogesi, kwa nyati sheria haikubali chini ya tatu-sabini-na-tano. Hiyo kubwa ni nzuri kwa anayeiweza, lakini risasi inayokosa haiui hata panzi. Chukua unayoweza kuivumilia begani."

Mogesi akachukua tatu-sabini-na-tano. Risasi ya tatu ilipopata ubao, akaanza kuwaambia watu kwamba hiyo ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo.

Ouko alikuwa amejificha nyuma ya pikapu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na alijua kwamba Abonyo hatafikiria tena. Abonyo akamfuata huko huko.

"Ni kweli ulichimba vyoo?"

"Kweli, Mama Vivian. Nisamehe."

"Vingapi?"

"Kama kumi na saba."

"Vilibomoka?"

"Hata kimoja!" Ouko alijibu, na safari hii aliudhika kweli.

"Yawa, Ouko! Mwaka wa tatu huu niko Genkuru. Wanaume wote wale wanachimba usiku na mchana, na mimi bado naenda vichakani na mwavuli. Kwa nini hukusema mapema?" Akajifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kitenge. "Jumatatu uje na sururu. Na uchimbe kirefu, maana kaka yangu anakuja kutoka Migori kuzungumza mahari, na sitaki aende vichakani."