Maji ya Baraka Shingoni mwa Kunegunda

Kunegunda alikuwa mtu wa kukaanga maandazi pale Majengo, na hata figo zake zilipokufa hakuacha, alipunguza unga tu. Kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine alikuhesabu kuwa kibarua kingine. Mpira wa kupitishia damu aliowekewa shingoni aliufunika kwa mtandio, wateja wasimhoji.

Kila asubuhi akishasali, alichovya kidole kwenye chupa ya maji ya baraka aliyoyachota kanisani tangu Pasaka, akakipitisha chini ya plasta, pale mpira ulipoingia mwilini. Ndani ya chupa palishaanza kuota utando wa kijani. Hilo halikumsumbua. Maji yaliyobarikiwa hayaozi, ndivyo alivyojua tangu utotoni.

Ikaja homa. Akiunganishwa tu na mashine, baridi inamtingisha mpaka kitanda kinalia. Dawa ya kwanza haikufua dafu. Damu ikapelekwa maabara kuoteshwa vijidudu vilivyomo vijulikane, na nesi Ekaristia akaja na majibu: bakteria wa majini, wasioonekana mara kwa mara. Mtu mwenye afya hawamwezi, lakini mgonjwa kama huyu wakimwingia kwenye damu wanamuua.

"Shikamoo mama. Tukibadili dawa bila kujua wanapopitia, watarudi. Ukioga unalowesha plasta?"

"Marahaba. Naoga shingo nimeinyoosha kama twiga."

"Mbona imelowa sasa hivi?"

Kunegunda akavuta mtandio juu ya plasta. Akisema, atanyang'anywa kinga yake. Mumewe, Rupert, aliyekuwa amekaa miguuni pa kitanda, akakohoa.

"Mwambie."

"Domo lako, baba Remmy! Nani kakuuliza?"

"Basi ninyamaze, halafu nikishakuzika wanao waniulize?"

Kunegunda akageukia ukutani. "Napaka maji ya baraka. Haya, niambie sasa kwamba Mungu ananiua."

"Sijasema hivyo," Ekaristia akajibu. "Hata mimi ninayo nyumbani. Najinyunyizia, siyaingizi kwenye mshipa. Huo mpira ni mlango, mama, na unaishia karibu na moyo."

Mpira ukatolewa, dawa ikabadilishwa, na homa iliposhuka akawekewa mwingine upande wa pili. Rupert hakusemeshwa mpaka waliporuhusiwa kurudi nyumbani.

Siku hizi Kunegunda akifanya ishara ya msalaba, kidole chenye maji kinagusa paji la uso tu. Kifuani na mabegani anapeleka mkono mkavu.